Majumba ya Wakubwa Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Msomaji atakayekitafuta kijiji cha Mwamgongo katika ramani ya Mkoa wa Kigoma atakikuta kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, ukingoni mwa maji, na hatadhani kwamba hapo ndipo pa kuanzia makala juu ya ngome na makao ya watawala. Mwamgongo hapana ngome. Kuna ufuko mwembamba, dagaa walioanikwa juani, michikichi, na nyuma ya nyumba mlima uliosimama wima hata shingo huchoka kuutazama. Hata hivyo tumeanzia hapo kwa makusudi. Wanafunzi wetu wanapopelekwa kutazama mahali pa historia hupelekwa penye ukuta, nao hurudi wakiamini kwamba pasipo ukuta hapakuwa na serikali, wala sheria, wala ibada. Kosa hilo tumelifanya sisi wenyewe kwa miaka mingi, na tunaona ni vema kulisahihisha.

Tulifika kwa boti kutoka Kibirizi, safari ya saa kadhaa, abiria wakiwa wamekaa juu ya magunia ya unga. Baada ya kuamkiana na wazee kwa "Mwakeye" ya Kiha, tuliuliza makao ya mwami yalikuwa wapi hapo zamani. Mzee mmoja hakutupa jibu refu. Alinyanyua fimbo yake akaielekeza juu ya mlima, upande wa nyanda za juu za Mkalinzi, kisha akaendelea na wavu wake.

Fimbo ile ilitufundisha zaidi ya tulivyotazamia. Wasafiri wa Kizungu waliofika Ujiji katika karne ya 19 walisimuliwa kwamba ilikuwa mwiko kwa mwami kulitazama ziwa, akilitazama, atakufa. Walioandika habari hiyo waliiona kuwa ushirikina tu. Lakini tukisimama Mwamgongo twaweza kuisoma kwa namna nyingine. Nchi ya mwami ilikuwa nchi ya ng'ombe, mtama na mvua. Ziwa lilikuwa la wavuvi, wageni na biashara. Mtawala aliyekaa mbali na maji hakuweza kuvamiwa na mtumbwi wa usiku, wala kuonekana akipatana bei ya chumvi na mfanyabiashara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, mwami aliitwa Rusimba, lakini mtu aliyewapokea na kuwasumbua kwa madai ya ushuru alikuwa Kannena, mkubwa wa Kawele, mahali penye soko. Mwami mwenyewe alibaki milimani.

Tena mwami hakuwa peke yake. Katika Buha walikuwapo bateko, wazee wa koo zilizotangulia katika nchi, ambao ndio waliogawa ardhi na kuifanyia matambiko. Watawala wa jamii ya Watutsi waliokuja baadaye walipokea kodi na kuamua mashauri, ila jembe halikuingia katika ardhi mpya pasipo mteko. Kwa hiyo anayetafuta "jumba" la Buha hana budi kutafuta mahali pawili: ua wa mwami, na kichaka cha mteko. Cha pili ni vigumu zaidi kukiona, na pengine ndicho kilichokuwa na nguvu zaidi.

Ua wa mwami ulikuwa nyumba za msonge, za miti na nyasi, zilizozungukwa na uzio. Nyumba ya namna hiyo hudumu kadiri inavyotunzwa. Isipoezekwa upya hurudi udongoni, na mwami mpya aliweza kujenga kilima kingine. Majirani zetu Warundi huonyesha hata leo mahali paitwapo ibigabiro, palipokuwa na makao ya wafalme. Kinachoonekana ni miti mikubwa tu, maana miti ya uzio ilichipua, ikakua, ikawapita kimo wale iliowekwa kuwalinda. Mtu asiyejua hupita hapo akidhani ni msitu.

Hapo ndipo penye hasara yetu. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Heru, ufalme mkubwa wa Buha uliokuwa chini ya Mwami Theresa Ntare, ulikwisha kama serikali, pamoja na falme ndogo zaidi. Kisha mwaka 1972 ikaja operesheni ya vijiji, na Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishwa. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani waliteremshwa au kusogezwa kando ya barabara. Hatusemi kwamba shule na zahanati hazikuwa na faida. Twasema kwamba mahali pa msonge hupajua wale wanaokaa karibu napo, na wakaaji wakiondolewa, mahali hapo hupotea bila hata tofali moja kuanguka.

Kwamba nyasi zaweza kudumu si ndoto. Kule Kasubi, Kampala, jumba lililojengwa mwaka 1882 kwa ajili ya Kabaka Muteesa I, likawa kaburi lake alipofariki mwaka 1884, lilisimama kwa sababu Waganda walikuwa na watu wa kulitunza: ukoo wa Ngeye wenye kazi ya kuezeka, na wajane wa kabaka wenye kazi ya kukaa ndani. UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 liliteketea kwa moto. Nalo likajengwa tena, polepole, na waezekaji wa ukoo uleule, hata mwaka 2023 likaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Basi tofauti ya Kasubi na milima iliyo juu ya Mwamgongo haikuwa katika vifaa vya ujenzi. Ilikuwa katika kuwepo kwa wenye kuezeka.

Ujiji ni habari nyingine. Huko wakubwa walikuwa wafanyabiashara, nao walijenga tembe: nyumba za udongo zenye dari bapa na baraza pana, ambamo pembe za ndovu ziliwekwa zikingoja msafara. Mwinyi Kheri, Mswahili wa Mrima, alioa katika jamaa ya watawala wa nchi na kuwa kiongozi wa wafanyabiashara wote mpaka alipofariki mwaka 1885. Baada yake alitukuka Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyeitwa Rumaliza. Tembe zao zilikuwa karibu na maji. Leo mgeni anayesimama penye mnara wa Livingstone hushangaa kuona ziwa liko mbali. Sababu yajulikana: katika miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana, kwa kuwa mto Lukuga, ulio upande wa magharibi, ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo. Kizuizi hicho kilipovunjika kuelekea mwisho wa miaka hiyo, ziwa lilishuka mita kadhaa, na bandari ya matajiri ikabaki nchi kavu.

Livingstone alirudi Ujiji mwezi Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, naye alikuwa ameshuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe mwezi Julai. Alikuta mali yake imeuzwa. Siku chache baadaye Stanley akamkuta. Tarehe aliyoiandika Stanley, 10 Novemba, ingali inabishaniwa na wanahistoria. Sisi watu wa makanisa hupenda kuishia hapo, chini ya mwembe, kofia zikivuliwa. Lakini tujiulize: yule adui mkuu wa biashara ya watumwa alilala wapi, na alikula nini? Aliishi katika mji wa wafanyabiashara wale wale, chini ya ulinzi wao, akipokea msaada wao, akila chakula ambacho bila shaka watumwa walikilima. Hatusemi hivyo ili kumshusha. Ila kiongozi wa ziara anayeonyesha mwembe pasipo kutaja waliolima ameonyesha nusu ya mahali. Nabii Yeremia alipomkemea Yehoyakimu kwa ajili ya jumba lake, hakuzungumzia uzuri wa madirisha; aliuliza juu ya ujira wa waliojenga. Swali hilo latosha kwa Ujiji yote. Kwa barabara hiyo ya kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja, walipita watu wasiohesabiwa, na Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya mapendekezo ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Juu ya majengo ya Wajerumani mjini Kigoma tutasema machache. Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, stesheni ikajengwa kwa fahari, na jumba liitwalo la Kaiser likawekwa mlimani, ambalo leo ni Ikulu ndogo. Kaiser hakulala humo kamwe. Wenyeji husimulia habari ya njia ya chini ya ardhi kutoka jumba hilo hadi stesheni. Sisi hatukuonyeshwa, nasi hatukusisitiza.

Kusini zaidi, Karema, iko ngome halisi. Kapteni Cambier wa Ubelgiji aliijenga mwaka 1879 kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Mapadre Weupe, wakaigeuza kuwa misheni. Humo alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, aliyekuwa ametekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akakombolewa na kufundishwa utabibu Malta. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika majumba yote tuliyoyataja, ni hilo tu ambalo twajua jina la mtumwa wa zamani aliyekaa ndani yake kwa heshima, akishika ufunguo wa dawa.

Tulirudi Mwamgongo tukiwa na daftari, ili kuandika majina ya mahali pa juu kabla wanaoyajua hawajatutoka. Mzee wa fimbo alikuwa bado ana wavu wake. Alitaja majina saba ya vilima, akasita penye la nane, akamwita dada yake mkubwa kutoka jikoni. Yeye alilikumbuka, pamoja na jina la mteko wa mwisho aliyepatunza mahali hapo na mti uliosimama mlangoni. Kupanda kwenda kuuona mti huo ni safari ya asubuhi nzima, na boti ya Kibirizi ilikuwa inapiga honi. Tumepatana kwenda baada ya masika, naye mama huyo amesema mjukuu wake atatuongoza, kwa kuwa yeye magoti hayamruhusu tena.