Mwanga katika Shule Yetu

Wazee wetu waliojenga shule hii walijua mwendo wa jua. Waliweka madirisha kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisichome macho ya wanafunzi. Mabenchi yalipangwa mwanga utoke kushoto, kivuli cha mkono kisifunike daftari. Chumba cha ushonaji kilipewa madirisha makubwa zaidi, kwani sindano yataka mwanga.

Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilitwaa shule; kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 Makanisa yalirudishiwa maongozi yake. Tulikuta madirisha yamezibwa kwa matofali, kwa hofu ya wezi. Walioketi nyuma hawakuona ubao. Tuliyafungua.

Wapendwa wakristu, anayejenga darasa jipya asisahau dirisha.