Pipa Chini ya Paa: Habari za Maji ya Mvua Kwetu Butembo na Beni

Siku ya mvua piteni katika mitaa ya Butembo, mkatazame. Chini ya kila paa mtaona chombo: hapa sufuria, pale beseni, pale bidoni iliyokatwa mdomo, na penye bahati pipa zima. Mvua ikiisha, baada ya siku mbili wasichana washika tena njia ya kisimani. Kwa nini? Maana vile vyombo vidogo vilijaa kwa dakika chache, na maji mengine yote yalikwenda zake bondeni pamoja na udongo wetu. Leo nataka kueleza pipa hilo limetoka wapi, na kwa nini siku hizi lastahili heshima kuliko zamani.

Kwanza tujue kwamba kukinga mvua si jambo jipya duniani. Mesha, mfalme wa Moabu, alichonga jiwe la kumbukumbu katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Jiwe hilo lilionekana tena mwaka 1868. Humo mfalme asimulia kwamba mji wake mmoja haukuwa na birika, akawaamuru watu wajitengenezee birika, kila mtu nyumbani mwake. Waroma nao walijenga nyumba zenye uwazi katikati ya paa. Mvua ilianguka katika bwawa dogo liitwalo impluvium, kisha ikashuka birikani chini ya sakafu. Karibu nasi zaidi, katika visiwa vya Lamu, kama kule Kizingitini katika kisiwa cha Pate, maji ya ardhini yana chumvi. Basi watu wa huko walijenga jabia, yaani birika kubwa la kukusanyia mvua.

Na wazee wetu Wanande, je, walikuwa wajinga? Hapana. Paa zao zilikuwa za majani, na maji yatokayo katika majani ni machafu, nayo hudondoka pande zote bila njia. Tena watu walikuwa wachache, na visima katika mabonde havikuwa vichafu. Mama alibeba mtungi mgongoni kwa kamba ya paji la uso, akapanda kilima. Kazi ilikuwa nzito, lakini maji yalitosha.

Mambo yaligeuka pamoja na paa. Mwaka 1829 Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hati ya ufundi wa kukunja bati mawimbi mawimbi, ili liwe jepesi na gumu pamoja. Bati hilo, ambalo sisi twaliita manjanja, lilienea Afrika pamoja na Wazungu. Kwetu Mapadri wa Assomption walifika mwaka 1929, wakati ule ule kampuni ya Minière des Grands Lacs ilipokuwa ikitafuta dhahabu. Polepole paa za manjanja zikaongezeka, kwanza za Wazungu, kisha za wafanya biashara, kisha za watu wote. Sasa maji ya paa yalipata njia. Kilichokosekana kilikuwa chombo.

Chombo kikaja na mafuta. Pipa la chuma la lita 200 hivi lilitokana na kazi ya Henry Wehrhahn huko Marekani, aliyepewa hati mwaka 1905. Vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vililisambaza dunia nzima, maana majeshi yalisafirisha petroli ndani yake. Mafuta yalipokwisha, pipa lilibaki, na mtu mwenye akili akalisimamisha chini ya paa. Hivyo chombo cha vita kikawa chombo cha bustani. Siku hizi pipa la plastiki limeshika mahali pake, kwa sababu halili kutu.

Bustani kwetu si mchezo. Kutoka milima ya Lubero na Butembo, shu, puaro, karoti na viazi vimelisha miji ya mbali. Katika miaka ya 1970 na 1980 mboga zetu zilikwenda Kisangani kwa malori, na Kinshasa kwa ndege. Lakini mboga hizo zalimwa katika mashamba ya mlimani. Bustani ya lupango ilidharauliwa. Nani alilifikiria pipa, ikiwa shamba la baba liko kule ng'ambo?

Ndipo zilipokuja siku za uchungu. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa teritwari ya Beni waliuawa vijijini na mashambani. Wengine walikimbilia Oicha, Beni na Butembo, wakaacha mihogo na ndizi zikiiva bila mvunaji. Shamba lililo mbali likawa mahali pa hofu. Mama aliyezoea hekta nzima akajikuta na vitalu vitatu nyuma ya nyumba ya kupanga. Tangu hapo, vitalu vile si pambo tena. Ni chakula cha watoto.

Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule, penye mlango wa kanisa, wa shule, wa duka, paliwekwa ndoo au pipa lenye robine, tunawe mikono. Nakumbuka jinsi sisi makatekista tulivyosimama mlangoni Jumapili, tukiangalia kila mtu anawe. Ugonjwa uliondoka, lakini watu walikuwa wamejifunza: chombo chenye kifuniko na robine hutunza maji.

Basi tufanye hesabu, maana wengi hawaamini. Mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la meta 8 kwa 6 ni meta 48 za mraba. Mvua ya milimita 5 tu yatoa lita 240. Tukitoa sehemu inayopotea, zabaki kama lita 190: pipa limejaa karibu kabisa! Na kitalu cha meta 10 za mraba chataka lita 40 hivi kwa siku wakati wa jua. Kwa hiyo pipa moja hutosha siku nne au tano. Halitashinda jua la Januari na Februari, wala la Juni na Julai. Lakini litaokoa miche mvua inapokatika kwa siku chache. Mwenye mapipa matatu ana wiki mbili.

Kutengeneza si kugumu. Funga mchirizi chini ya paa, uinamie kidogo upande wa pipa. Weka pipa juu ya mawe au matofali, yapata nusu meta, ili ndoo iingie chini ya robine. Msingi uwe imara: pipa lililojaa lapita kilo 200. La kwanza la nyumbani kwetu tuliliweka juu ya udongo mtupu. Udongo ukalainika, pipa likaanguka na kuvunja ukuta wa jiko. Funika kwa kifuniko na wavu mwembamba, mbu wasizae humo. Maji ya kwanza baada ya jua kali yaache yamwagike, yanaosha vumbi. Toboa tundu karibu na juu, uongoze maji ya ziada mbali na nyumba, maana twajua mito ya mmomonyoko inavyokula vilima vya Butembo. Usichukue pipa lililokuwa na sumu. Na pipa la petroli usilikate kamwe kwa moto: mvuke uliobaki hulipuka na kuua. Lijaze maji kwanza, ukate kwa tindo na nyundo. Maji haya ni ya bustani. Ya kunywa yachemshwe.

Ndugu zangu, mfalme Mesha hakungoja birika moja kubwa litoshe mji wote. Alisema kila mtu nyumbani mwake. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini yakikingwa, binti hatatumwa kisimani jioni kwa ajili ya lengalenga, na mama aliyeacha shamba lake porini atachuma mlangoni pake. Akiba haiozi.