Mchujo wa kijinsi: kisa cha furu wa Mwanza

Katika magazeti yetu, neno uteuzi limehamia Ikulu: Rais kateua, fulani katenguliwa. Nalo kijinsia tumelizoea penye ukatili, usawa na dawati la polisi. Mwanafunzi akikuta "uteuzi wa kijinsia" katika kitabu cha biolojia, atafikiri ni habari za wanawake kupewa vyeo. Kumbe anaelezwa kwa nini tausi dume ana mkia mrefu vile.

Dhana hiyo Charles Darwin aliifafanua kwa kina mwaka 1871. Sifa huweza kuenea hata kama haimsaidii mnyama kuishi, mradi inampatia mwenzi wa kuzaa naye. Madume hupigana, au jike huchagua.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, wanaishi aina mbili za furu, samaki walio ndugu wa karibu: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana rangi ya buluu, na Pundamilia nyererei, mwenye jina la Mwalimu, ambaye dume wake ni mwekundu mgongoni. Majike wao ni vigumu kuwatofautisha. Wakichanganya damu, watoto wao huzaa vizuri. Kinachowatenga ni jicho la jike. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba jike aliyemfuata dume wa aina yake aliacha kubagua pale mwanga ulipobadilishwa hata rangi zisionekane tofauti. Ziwani, maji yakichafuliwa na tope na mwani unaoneemeka kwa mbolea na majitaka, matokeo ni hayohayo: rangi za madume hufifia na aina huanza kuyeyukiana.

Tazama sasa mambo mawili yaliyomo. Jike anateua kweli. Hilo tuliite uteuzi wa mwenzi. Lakini jeni za wekundu kuongezeka katika kundi, kizazi baada ya kizazi, hakuna furu aliyekusudia. Huo ni mchujo, kama wa tui: chujio halina nia, ila kinachopita na kinachobaki si kimoja. Naiita dhana nzima mchujo wa kijinsi, bila "a" mwishoni, kwa kuwa jinsi ni uume na uke wa kimaumbile, na jinsia ni mambo ya jamii.

Watunzi wa vitabu vya biolojia, tausi mwacheni apumzike. Anzeni na furu.