Tairi la gari la michezo jijini London: historia ya maafikiano kati ya barabara na uwanja

Mmiliki wa gari la michezo anayeishi London, ambaye hulitumia gari hilohilo kwenda kazini siku za wiki na kushindana na saa uwanjani siku za mapumziko, hulitaka tairi lake lifanye mambo matatu kwa pamoja: lishike lami kwenye kona, lidumu kwa maelfu ya kilomita, na liondoe maji barabara inapolowa. Historia ya chombo hiki, ambayo sehemu yake kubwa ilipita ndani ya London na pembezoni mwake, inaonyesha kwamba mambo hayo hayajawahi kupatikana yote kwa kiwango cha juu katika tairi moja, na kwamba kila kizazi cha wahandisi kililazimika kuamua ni lipi kati yake lipunguzwe ili mengine yaongezeke.

Tairi la upepo lilitangulia gari lenye injini kwa takriban miaka 40. Mhandisi wa Uskoti, Robert William Thomson, alipewa hataza yake Desemba 1845, na mwaka 1847 magari ya farasi yaliyofungwa magurudumu yake yalionyeshwa katika bustani ya Regent's Park. Ndani ya gurudumu kulikuwa na mrija wa turubai iliyopakwa mpira, nao ulifunikwa kwa gamba la ngozi lililogusa ardhi. Seti moja iliripotiwa kwenda maili 1,200 bila kuharibika. Hata hivyo, uvumbuzi huo haukupata soko na ukasahauliwa, hata John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipopata hataza yake mwaka 1888, haikuchukua muda mrefu kabla haijabatilishwa kwa kuwa Thomson alikuwa amemtangulia.

Mpira wenyewe ulihitaji kufanyiwa kazi kabla ya kuweza kubeba gari la kasi, kwa sababu mpira mbichi hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Thomas Hancock, mwenye kiwanda London, aliomba hataza mwaka 1843 ya kuupika mpira pamoja na salfa ili ubaki na unyumbufu wake katika hali zote, na Charles Goodyear akapata hataza ya njia kama hiyo Marekani mwaka uliofuata. Hatua iliyofuata inahusishwa na Silvertown, eneo la viwanda mashariki mwa London, ambako mwaka 1904 S. C. Mote aligundua kwamba masizi laini yakichanganywa na mpira huuongezea nguvu na kuuzuia usilike upesi. Rangi nyeusi ya matairi ya leo inatokana na masizi hayo.

Kadiri idadi ya magari ilivyoongezeka, ndivyo uchu wa mpira ulivyofika mbali zaidi. Hata kabla ya magari hayo, mwaka 1876, Henry Wickham alileta kutoka Brazil mbegu za mpira zipatazo 70,000 katika bustani ya mimea ya Kew, London, na miche iliyoota hapo ikawa chanzo cha mashamba makubwa ya Asia. Kabla mashamba hayo hayajaanza kuzaa kwa wingi, wakazi wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili walilazimishwa kwa mjeledi na bunduki kukusanya mpira wa porini, na ripoti ya Roger Casement kuhusu ukatili huo ilichapishwa London mwaka 1904. Starehe ya madereva wa mwanzo wa Ulaya ilikuwa na gharama iliyolipwa na Waafrika.

Katika miaka hiyo tofauti kati ya tairi la barabarani na la mashindano ilikuwa ndogo, kwa kuwa viwanda viliyatumia mashindano kuthibitisha bidhaa zilezile zilizouzwa madukani. Uwanja wa Brooklands, uliojengwa kwa zege karibu na Weybridge, kusini-magharibi mwa London, ulifunguliwa Juni 1907, na kabla mwezi haujaisha S. F. Edge aliendesha humo gari la Napier, lililotengenezwa Acton, London, kwa saa 24 mfululizo, akimaliza maili 1,581 kwa wastani wa takriban kilomita 106 kwa saa. Jengo la Michelin lililofunguliwa mwaka 1911 katika barabara ya Fulham linaonyesha vizuri jinsi mambo hayo mawili yalivyochanganyika: kuta zake zimepambwa kwa vigae vyenye picha za magari yaliyoshinda mbio za wakati ule, ilhali upande wa mbele ulikuwa na sehemu ambamo mteja wa kawaida aliingiza gari lake na kubadilishiwa matairi yaliyopandishwa kutoka ghala la chini.

Mitaa ya London ndiyo iliyodai mambo ambayo uwanja haukuyadai. Mingi kati yake ilikuwa imetandikwa vipande vya mbao, na mvua ilipochanganyika na tope na mavi ya farasi, tairi lenye uso laini liliteleza kwa urahisi. Watengenezaji walijaribu kwanza kulivika tairi ngozi yenye misumari, kisha wakaanza kuchonga mpira wenyewe, wakaweka kashata, yaani vinundu na mifereji inayoyapa maji njia ya kutokea. Sababu ya kisayansi ilieleweka vizuri zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa kampuni ya Dunlop nchini Uingereza na wale wa NASA nchini Marekani walipochunguza namna ambavyo, mwendo ukizidi, maji hujikusanya mbele ya tairi mpaka yakalinyanyua, na gari likaelea bila usukani wala breki kufanya kazi.

Wakati huohuo muundo wa ndani ulikuwa ukibadilika. Katika tairi la zamani nyuzi zilipishana kimshazari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, lakini Michelin, iliyopata hataza mwaka 1946 na kuanza kuuza mwaka 1949, ilizilaza nyuzi hizo moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo na kuuimarisha uso wa tairi kwa mkanda wa chuma, muundo unaoitwa radiali. Uso huo hubaki umelala barabarani hata ubavu unapojipinda, kwa hiyo tairi hushika vizuri na kudumu zaidi. Inafaa kukumbukwa kwamba radiali haikuingia katika mbio za Formula One hadi mwaka 1977, pamoja na gari la Renault, jambo linaloonyesha kwamba barabara imewahi kuutangulia uwanja kwa karibu miongo mitatu.

Gari lililofaa pande zote mbili lilipata umaarufu katika London hiyohiyo. Colin Chapman, aliyekuwa na karakana Hornsey, kaskazini mwa jiji, alizindua Lotus Seven mwaka 1957, gari jepesi ambalo mmiliki wake aliweza kuliendesha hadi uwanjani, akashindana nalo na kurudi nalo nyumbani. Haki za kulitengeneza zilipokwenda Caterham, kusini mwa London, mwaka 1973, njia za matairi zilikuwa zimekwisha kuachana, kwani mwaka 1971 Formula One ilikuwa imeanza kutumia matairi yasiyo na kashata hata kidogo, ambayo huweka mpira mwingi zaidi juu ya lami kavu lakini hayawezi kuhimili maji.

Sheria ndiyo iliyoweka mpaka. Tangu tarehe 1 Januari 1992 kashata za tairi la gari dogo nchini Uingereza zinatakiwa kuwa na kina kisichopungua milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wake, kuzunguka tairi lote, na kila tairi kipara linaweza kumletea dereva faini ya hadi pauni 2,500 na alama tatu kwenye leseni. Kutokana na mpaka huo likapatikana tairi la kati, lenye mpira laini na kashata chache, linaloruhusiwa barabarani ingawa limebuniwa kwa ajili ya uwanja. Yokohama A048, lililofungwa kwenye Lotus Exige, ni mfano unaojulikana, na Avon CR500 la kiwanda cha Melksham, kilichosimamisha uzalishaji mwishoni mwa 2023, lilitumiwa sana na wenye magari ya Caterham.

Tairi la namna hiyo hutoa mshiko wake wote likipata joto, joto ambalo foleni za London hazilipi, na kila linapopashwa na kupoa mpira wake hukakamaa kidogo. Kwa hiyo mnunuzi makini hukagua tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hata kama kashata zinaonekana mpya. Uwanjani, upepo wa tairi huongezeka kadiri linavyopata joto, ndiyo maana dereva hupima baada ya mizunguko michache na kuutoa kidogo. Asipoujazia tena kabla ya kuondoka, tairi likishapoa hubaki na upepo pungufu katika safari nzima ya kurudi.

Anayekwenda Brands Hatch, uwanja wa Kent ulioko takriban maili 20 kutoka katikati ya London, huweza kupata asubuhi kavu na jioni ya mvua. Ikiwa gari ndilo litakalomrudisha nyumbani, busara ni kuchagua tairi bora la michezo la barabarani na kukubali kupoteza sekunde chache kwa kila mzunguko. Ikiwa siku za uwanja ni nyingi, seti ya pili ya rimu zenye tairi laini, inayosafirishwa na kufungwa hukohuko, hugharimu zaidi mwanzoni lakini huacha kila tairi lifanye kazi iliyoundiwa. Tairi la kati linamfaa yule tu ambaye, mvua ikimkuta njiani, yuko radhi kupunguza mwendo na kuchelewa kufika.