Kikokotoo na nyumba ya mstaafu

Juni 2024 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alitangaza bungeni kwamba mafao ya mkupuo yatapanda kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi ambao kwa hesabu ya zamani walikuwa wakipata nusu. Makofi yalipigwa, manung'uniko hayakuisha. Kwa mwalimu au muuguzi wa Tanzania, mkupuo ndio nyumba. Ndio unaoezeka pagala lililosimama miaka kumi likiota majani, kwa sababu mshahara ulishindwa.

Tuliyarithi mafao haya kutoka kwa mkoloni. Chini ya sheria ya pensheni ya 1954 mtumishi wa serikali hakuchangia kitu. Hazina ndiyo ililipa. Mifuko ya kuchangia ikafuata: NPF, mfuko wa akiba, ilianzishwa 1964, na PPF, ya mashirika ya umma, 1978. Kisha Julai 1999 ukaja mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSPF: mtumishi akatwe asilimia 5, mwajiri aongeze 15.

Hapo ndipo ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikinyoosha kidole miaka nenda rudi, na zina haki. Watumishi waliokuwapo kabla ya 1999 waliingizwa kwenye mfuko na haki za utumishi wao wote, lakini fedha za miaka ya nyuma hazikuwekwa. Mfuko ukalipa kwa michango ya vijana. Mifuko hiyohiyo ikatakiwa pia ifadhili ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Serikali ilikuja kutoa hati fungani ya shilingi trilioni 2.17 kufidia deni hilo la kabla ya 1999 Desemba 2021, miaka 22 baadaye.

Kabla ya hapo, Agosti 2018, PSPF, LAPF, PPF na GEPF zilikuwa zimeunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Wabunge walipitisha sheria. Kikokotoo, yaani hesabu ya kupigia mafao, kikaja baadaye, ndani ya kanuni. Tuchukue mtumishi wa mshahara wa shilingi milioni moja aliyetumikia miaka 30. Kwa hesabu ya PSPF (miezi ya utumishi ikigawanywa kwa 540, nusu ya pensheni ya mwaka mara 15.5) alikuwa achukue mkupuo wa milioni 62. Kwa kanuni mpya (580, robo, mara 12.5) angeondoka na milioni 23 na ushei. Pensheni ya mwezi ingepanda, ni kweli, kutoka 333,000 hadi 465,000 hivi. Lakini nani anaezeka nyumba kwa nyongeza ya 132,000 kwa mwezi akiwa na miaka 60?

Watumishi waliobakiza miezi michache kustaafu walijikuta wameahidiwa nyumba na kupewa chumba. Vyama vya wafanyakazi vilikuja juu. Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli aliwaita viongozi wao Ikulu, Dar es Salaam, akaamuru vikokotoo vya zamani viendelee hadi 2023. Ilikuwa amri ya haki.

Muda haukufika. Julai 2022, baada ya mazungumzo ya serikali, waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, kikaja cha asilimia 33. Kisha hicho cha 40, ambacho kwa mtumishi wetu ni milioni 37.

Mtu anayeajiriwa leo hawezi kujua atajenga nini 2055, maana kanuni hubadilishwa kwa saini ya waziri. Bunge likiandike kikokotoo ndani ya sheria yenyewe, na kiwango alichoingia nacho mtumishi kazini kisiguswe.