Hoteli za Dar es Salaam na Pamba ya Lalago

Historia za hoteli kubwa huandikwa kwa kuwafuata wageni. Hutajwa marais waliolala humo, mabalozi waliokula humo na matajiri waliofanyia harusi ukumbini. Ukizisoma ukiwa Lalago, katika mkoa wa Simiyu, mbali kabisa na Bahari ya Hindi, utaona hazikuhusu. Mimi nashikilia kwamba zinakuhusu sana. Hoteli mbili zilizobeba hadhi ya Dar es Salaam katika karne ya 20, New Africa na Kilimanjaro, zina nafasi katika historia ya mkulima wa pamba kama ilivyo nafasi ya mizani, ghala na kiwanda cha kuchambulia. Fahari ya mji iliegemea mazao ya shamba. Kila mabwana wa hoteli walipobadilika, shamba nalo lilikuwa likibadilishiwa masharti.

Tuanze na New Africa. Wajerumani waliifungua mwaka 1906 kwa jina la Kaiserhof, katikati ya mji, karibu na bandari na kanisa la Kilutheri linaloitwa leo Azania Front. Mwaka huo si wa kupita nao haraka. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu walikuwa wameng'oa miche ya pamba shambani, na hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Tangu 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa imewalazimisha watu wa kusini na wa pwani kulima mashamba ya pamoja ya pamba, kwa ujira mdogo mno kiasi kwamba baadhi walikataa kuupokea. Vita viliendelea hadi 1907, na baadhi ya wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa walifika 250,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Kwa hiyo hoteli ya kwanza ya fahari katika mji mkuu wa koloni ilifungua milango wakati wakulima wa kusini wakiuawa kwa kukataa pamba ya shuruti. Maofisa, wafanyabiashara na walowezi waliopumzika kwenye baraza zake walikuwa nchini kwa ajili ya utawala na uchumi uleule.

Atatokea mtu wa kuhoji kwamba nayaunganisha mambo mawili kwa sababu tu yametokea pamoja. Atasema pamba ya Wajerumani ilikuwa kidogo, mkonge na mpira viliizidi thamani, na Usukuma wa wakati huo ulikuwa mbali na soko la dunia. Hoja hiyo ina uzito, nami sidai kwamba kuta za Kaiserhof zilijengwa kwa pamba ya Lalago. Ninachosema ni kwamba hoteli ile ilikuwa kiungo cha mfumo mmoja uliokuwa na bandari, reli, kodi ya kichwa na zao la biashara, na mfumo huo haukuchelewa kuifikia Kanda ya Ziwa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Chini ya Waingereza, waliouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928 likipitia Shinyanga na Malampaka, wilayani Maswa. Kuanzia hapo marobota ya Usukuma yalikuwa na njia ya moja kwa moja hadi bandarini, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni mwa hoteli ambayo sasa ilikuwa imepewa jina la New Africa. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo, ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja. Pamba ya Mwafrika ilifika bandarini, lakini yeye mwenyewe hakuwa na nafasi kwenye baraza la hoteli.

Mabadiliko yalianzia kwenye mizani. Mkulima wa pamba huchambua mavuno yake kwa mkono, safi upande mmoja na fifi upande mwingine, kisha hupeleka mzigo ukapimwe. Miaka ya 1940 anayepima alikuwa ndiye anayenunua, na malalamiko ya kupunjwa yalienea Usukuma kote. Kutokana na malalamiko hayo Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima, wakadai wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 wakaunda Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kuliko vyote barani Afrika. Serikali ya kikoloni ilipoizuia TANU, chama cha kudai uhuru, kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, ushirika ulibaki kuwa mahali ambapo mkulima alijifunza kukutana, kuchagua viongozi na kudai hesabu. Baada ya Uhuru, baraza la New Africa nalo likapata watu wapya. Mwandishi wa Poland, Ryszard Kapuściński, ameeleza jinsi wapigania uhuru kutoka kusini mwa Afrika walivyokutana hapo jioni, Eduardo Mondlane wa Msumbiji akiwa mmojawao. Haki ya kukaa katika baraza lile ilipatikana kwa siasa, na siasa hiyo ilipata nguvu kubwa kutoka kwa watu waliokuwa wamejifunza kusimamia mizani.

Hoteli ya Kilimanjaro, iliyochorwa na wasanifu kutoka Israel, ilifunguliwa mwaka 1965 ikitazama bandari. Ilikuwa mali ya taifa na ishara kwamba nchi huru inaweza kupokea wageni kwa heshima. Waziri wa Fedha kuanzia 1962 hadi 1965 alikuwa Bomani yuleyule wa ushirika wa pamba, na pamba, pamoja na mkonge na kahawa, ilikuwa nguzo ya mapato ya nchi ya fedha za kigeni. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, na swali likawa zito: nchi ya kijamaa inajenga hoteli za kifahari kwa ajili ya nani? Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu waliliuliza waziwazi katika gazeti la The Standard. Mjadala ulikuwa mkali, na Issa Shivji akaukusanya katika kitabu kilichotoka 1973.

Watetezi wa hoteli walijibu kwamba utalii unaleta fedha za kigeni, na fedha hizo hununua matrekta na dawa. Jibu hilo lisidharauliwe. Nchi isiyo na mahali pa kupokea wageni hulipa gharama nyingine, na mkutano mmoja wa kimataifa huenda ukazaa zaidi ya jengo lenyewe. Lakini jibu hilo lina sharti ndani yake: fedha zirudi shambani. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mkulima akapoteza chombo alichokuwa amekijenga mwenyewe. Miaka ya 1980, uhaba wa fedha za kigeni ulizichosha hoteli za umma kama ulivyovichosha viwanda vya kuchambulia pamba. Shamba na hoteli vilidhoofika pamoja, na huo ni ushahidi kwamba havikuwahi kuwa vitu viwili mbalimbali.

Kilichofuata kinathibitisha hilo hilo. Soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Katika muongo huohuo jengo la zamani la New Africa lilibomolewa na jipya likajengwa pale pale. Kilimanjaro ilifunguliwa upya mwaka 2005 chini ya Kempinski, na baadaye ikaingia katika jina la Hyatt. Wapo watakaosema kwamba sasa ni biashara binafsi na mkulima hana la kudai. Umiliki wa leo, hata hivyo, haufuti yaliyopita: hoteli ya taifa ilikuwa mali ya umma, na umma huo ulikuwa wakulima kwa sehemu kubwa. Simiyu leo ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Vijana wake wanastahili kufundishwa historia inayoweka baraza la hoteli na mizani ya chama cha ushirika wa mazao (AMCOS) katika sura moja, kwa sababu anayejua mchango wake katika fahari ya nchi ndiye anayeweza kudai mgawo wake.