Kerneli mpya, seva ya mbali na kaye ya bamama wa Kakanda

Leo nawaletea historia kidogo ya kompyuta. Ndani yake kuna deni langu mwenyewe.

Mwisho wa 2018 nilikuwa nimemaliza masomo, niko nyumbani Kakanda, kazi bado. Bamama wa sokoni walikuwa na likelemba yao, na mimi niliwapangia hesabu kwenye seva tuliyokodi Ujerumani kwa dola chache kwa mwezi. Kila mama akiweka feza yake, mwandishi wao aliingiza kwa simu. Feza yenyewe ilibaki kwa mtunza sanduku. Kwenye seva kulikuwa tu na nani ameweka, lini, ngapi.

Asubuhi ya tarehe 31 Desemba, siku moja baada ya uchaguzi, niliweka kerneli mpya kwenye ile seva na kuiamuru iwake upya. Kerneli njo kiini cha mfumo: inasimamia diski, kumbukumbu na mtandao. Programu nyingine unaifunga na kuifungua tena, basi. Lakini ukibadilisha kerneli, kwa kawaida mashine yote lazima izime na kuwaka. Nilingoja dakika tano, kumi. Kimya. Kisha intaneti ikakatwa nchi nzima, na tuliipata tena karibu tarehe 20 Januari 2019.

Kwa nini nilikuwa na haraka vile? Sababu ni woga, na woga ule ulikuwa na msingi. Oktoba 2016 dunia iliambiwa juu ya tundu liitwalo Dirty COW. Lilikuwa ndani ya kerneli ya Linux tangu 2007, miaka 9, na kupitia tundu lile mtumiaji wa kawaida angeweza kujifanya mkubwa wa mashine. Januari 2018 yakaja Meltdown na Spectre, makosa ya prosesa zenyewe, na watu wakalazimika kubadilisha kerneli kila mahali. Kwa hiyo kuacha seva bila kuisasisha si usalama. Shida yangu ilikuwa namna ya kufanya.

Linus Torvalds alipotangaza mfumo wake Agosti 1991, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki, na mashine yake ilikuwa mbele ya macho yake. Kerneli ikikataa, unaingiza disketi na kuanza upya. Miaka ile wengi walitumia programu ya kuwashia iitwayo LILO. Yenyewe ilikariri mahali kerneli ilipolala kwenye diski. Ukiweka kerneli mpya ukasahau kuiambia LILO, mashine haiwaki. Baadaye watu wengi wakahamia GRUB, ambayo inajua kusoma faili yenyewe na kuonyesha orodha: kerneli mpya juu, za zamani chini. Mpya ikianguka, unachagua ya zamani.

Lakini orodha inaonekana kwenye skrini. Na kama seva iko Ujerumani, wewe uko Kakanda?

Mafundi walitafuta njia. Mwaka 1998 Intel na wenzake walitoa kanuni za IPMI: kompyuta ndogo ndani ya seva inayokubali amri za mbali hata kiini kikuu kikiwa kimekufa. Kwa seva za kukodi kama yetu, wakodishaji wengi wanatoa konsoli ya mbali ndani ya kivinjari, unaona skrini sawa vile umekaa mbele yake. GRUB nayo ikapata amri ya grub-reboot: jaribu kerneli mpya mara moja tu, ukiwasha tena, inarudi ya zamani. Ukiongeza panic=30 kwenye maagizo ya kerneli, mashine ikianguka inangoja sekunde 30 na kujiwasha yenyewe, bila mtu. Kisha ikaja kuziba tundu mashine ikiendelea kutembea: Ksplice, iliyoanzia chuo cha MIT na kununuliwa na Oracle mwaka 2011, halafu msingi wake rasmi ndani ya Linux 4.0, Aprili 2015. Hii ya mwisho inakupa muda tu. Siku ya kuwasha upya itafika.

Yote hayo yalikuwepo mwaka 2018. Mimi sikutumia hata moja.

Mwanzo wa Januari zamu ya kupokea ikafika. «Mutoto, hesabu yetu iko wapi?» Nilijibu maneno ya seva na Ujerumani, wakaangaliana. Mwandishi alikuwa bado na kaye yake ya zamani, lakini wiki mbili za mwisho hakuziandika, kwa sababu mimi nilimwambia kaye haina kazi tena. Mama mmoja aliapa ameweka wiki zote mbili. Hakukuwa na alama. Wakamkata feza ile kwenye zamu yake.

Intaneti iliporudi, nilifungua konsoli kwa mara ya kwanza. Sehemu ya diski inayotunza kerneli ilikuwa imejaa, faili ya kuwashia ilikatika katikati, na mashine ilikuwa imegoma tangu ile asubuhi. Mstari wa pili wa orodha, kerneli ya zamani ilikuwa pale, nzima. Niliichagua. Dakika tatu. Jina la yule mama likatokea, wiki zote mbili.

Nilienda kwake kuomba msamaha, na feza iliyokatwa niliilipa mimi, kidogo kidogo, mpaka Machi.

Leo mbele ya kugusa kerneli ninapima nafasi ya diski, ninatoa nakala ya hesabu nje ya seva, ninafungua konsoli na kuhakikisha inaitika, ninaacha kerneli ya zamani mahali pake, kisha ninaijaribu mpya kwa grub-reboot. Na sifanyi karibu na uchaguzi. Ninamtumia pia mwandishi ujumbe kwamba kesho nitawasha upya. Anajibu kila mara neno moja: «Kaye?» Ninangoja aniambie ameandika mpaka mama wa mwisho, njo ninaanza.